Ndugu Wawili Waliopigana, Kisha Wakapigana Bega kwa Bega

Mwezi Agosti mwaka 1382, ngome ya Krewo, ambayo leo imo ndani ya mipaka ya Belarus, ilikuwa gereza la mzee mmoja aliyeitwa Kęstutis. Mzee huyo alikuwa ameulinda mpaka wa magharibi wa Lithuania kwa muda wa miaka arobaini hivi, na hapakuwa na jemadari wa Kijerumani asiyelijua jina lake. Lakini aliyemtia gerezani hakuwa Mjerumani. Alikuwa Jogaila, mtoto wa kaka yake. Siku chache baadaye mzee alikutwa amekufa. Jogaila alitangaza kwamba baba yake mdogo amejinyonga mwenyewe. Watu wengi wa zama zile hawakusadiki, wakanong'onezana kwamba amenyongwa kwa amri.

Vytautas, mwanawe marehemu, naye alikuwa mfungwa huko huko. Mkewe Anna aliruhusiwa kumtembelea pamoja na wajakazi wake, na siku moja walinzi waliwafungulia mlango wanawake waliokuwa wakitoka bila ya kuwatazama vizuri usoni. Mmojawapo alikuwa Vytautas, amevaa nguo za mjakazi. Alivuka mpaka, akaenda kuomba hifadhi kwa wale wale ambao baba yake alipigana nao maisha yake yote.

Sasa tuiruke miaka ishirini na minane. Tarehe 15 Julai 1410, katika uwanja ulio karibu na kijiji cha Grunwald, Jogaila na Vytautas wamesimama upande mmoja, kila mmoja na jeshi lake, wakimkabili adui mmoja. Kabla ya jua kutua walikuwa wameishinda mojawapo ya nguvu kubwa za kijeshi za Ulaya ya wakati ule. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa wenzetu wa jeshi na polisi, jinsi mtu alivyoweza kufika kutoka Krewo mpaka Grunwald. Vitabu vingi hujibu upesi kwamba ni ndoa iliyowaunganisha. Sisi tunaona kwamba ndoa ilifungua mlango tu, na kwamba kazi ngumu ilikuja baadaye.

Jina la Poland si geni katika sehemu zetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya wakimbizi wa nchi hiyo, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika Mashariki, wakakaa katika kambi za Masindi na Koja huko Uganda, na Tengeru huko Tanganyika. Kanisa walilolijenga Nyabyeya, karibu na Masindi, lingali limesimama. Wengi wao walikuwa wametolewa katika mikoa ya mashariki ya nchi yao, na sehemu ya mikoa hiyo ndiyo iliyokuwa zamani milki ya Lithuania tunayoizungumzia hapa.

Katika karne ya kumi na nne Poland ilikuwa ufalme wa Kikristo uliotawaliwa na ukoo wa Piast, ukoo wa yule Mieszko aliyebatizwa mwaka 966. Lithuania, jirani yake wa kaskazini mashariki, ilikuwa nchi ya mwisho ya Ulaya ambayo watawala wake walishika bado dini ya mababu. Tusidhani kwamba kwa sababu hiyo ilikuwa nchi dhaifu. Gediminas, aliyefariki mwaka 1341, na wanawe Algirdas na Kęstutis, waliipanua mpaka ikakumbatia nchi kubwa za Waruthenia, pamoja na mji wa Kiev. Wanandugu hao wawili waligawana kazi bila ya kugombana, jambo la nadra katika nyumba za kifalme: Algirdas aliangalia mashariki, Kęstutis akaangalia magharibi.

Huko magharibi ndiko alikokuwa adui. Wapiganaji wa Msalaba walikuwa chama cha watawa wa Kijerumani waliokula kiapo cha kumtumikia Mungu kwa upanga. Walikuwa wameingia Prussia katika karne ya kumi na tatu ili kuwaingiza wapagani katika Ukristo kwa nguvu, na kufikia mwaka 1309 Mkuu wao alikuwa akikaa katika ngome ya matofali ya Marienburg, ambayo Wapoland huiita Malbork. Poland iliyokuwa ya Kikristo tangu zamani nayo haikusalimika, kwani mwaka 1308 walikwisha kuichukua Gdańsk. Basi nchi hizi mbili, ambazo zilizoea kuvamiana na kutekana watu, zilikuwa na adui mmoja. Mara moja zilijaribu njia ya ndoa: mwaka 1325 Kazimierz, mrithi wa ufalme wa Poland, alimwoa Aldona binti Gediminas. Lakini Aldona alifariki mapema, na urafiki ukafifia pamoja naye.

Kazimierz huyo, aliyeitwa Mkuu, alitawala miaka thelathini na saba, na alipofariki mwaka 1370 hakuacha mtoto wa kiume wa halali. Kiti kikamwendea mpwa wake, Louis, mfalme wa Hungaria, mwana wa dada yake. Louis naye alikuwa na mabinti watupu. Ili makabaila wa Poland wakubali kutawaliwa na mwanamke, mwaka 1374 mjini Koszyce aliwapunguzia kodi mpaka ikabaki kidogo sana. Tunawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana tangu siku ile makabaila wa Poland walijifunza kwamba kila ukoo wa kifalme unapopungukiwa na warithi, wao hupata la kuuza.

Jadwiga, binti mdogo wa Louis, alivikwa taji mjini Kraków mwezi Oktoba mwaka 1384. Alikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, na alitawazwa kwa cheo cha mfalme, wala si malkia, kusudi isije ikadhaniwa kwamba mume atakayemwoa ndiye mwenye nchi. Tangu utotoni alikuwa amechumbiwa na Wilhelm wa Austria, na Wilhelm mwenyewe alifika Kraków kudai mke wake. Makabaila walimfukuza. Walikuwa wamekwisha kumwona mume mwingine wa kuwafaa zaidi: Jogaila, mwana wa Algirdas, Mtawala Mkuu wa Lithuania, mtu mzima, mpagani, na mwenye mikono ambayo watu walisema imechafuka kwa damu ya baba yake mdogo.

Mkataba uliandikwa tarehe 14 Agosti 1385 katika ngome ile ile ya Krewo. Jogaila aliahidi kubatizwa yeye na watu wake, kuwarudisha mateka wa Poland, kumlipa Wilhelm fidia ya florini 200,000, na kuiunganisha Lithuania na Poland. Neno la Kilatini lililotumika, applicare, limewatoa wanahistoria jasho mpaka leo. Wapoland wengi walilisoma kwamba Lithuania imemezwa. Walithuania walilisoma kwamba imeambatana tu na mwenzake. Tarehe 15 Februari 1386 Jogaila alibatizwa akaitwa Władysław, siku tatu baadaye akamwoa Jadwiga, na tarehe 4 Machi akavikwa taji. Wapoland humwita Jagiełło. Mwaka uliofuata Lithuania ikaanza kubatizwa, na Wapiganaji wa Msalaba wakatambua hatari iliyowajia: kama Walithuania ni Wakristo, wao wanapigania nini tena? Wakaamua kusema kwamba ubatizo ule ni wa uongo.

Hapo ndipo mabwana wa Kraków walipodhani kwamba kazi imekwisha. Kwa hakika ilikuwa haijaanza, kwani walikuwa wamemsahau Vytautas.

Vytautas alikuwa amerejea kutoka kwa Wajerumani mwaka 1384, akapatana na Jogaila, akaahidiwa urithi wa baba yake. Ahadi haikutimizwa. Jogaila alipokwenda Poland alimwacha kaka yake Skirgaila kuisimamia Lithuania, na vikosi vya Kipoland vikawekwa katika ngome ya Vilnius. Mwaka 1390 Vytautas alikuwa tena upande wa Wapiganaji wa Msalaba, na katika mwaka huo alikuwa miongoni mwa waliouzingira mji wa Vilnius, mji wa babu yake. Pamoja nao alikuwapo kijana mmoja wa Kiingereza aliyekuja kutafuta sifa ya vita, Henry Bolingbroke, ambaye miaka tisa baadaye alikuwa Mfalme Henry wa Nne. Mji uliteketea kwa sehemu lakini ngome kuu haikuanguka.

Jogaila angeweza kuendelea kupigana. Alikuwa na taji, alikuwa na mke mwenye heshima, na sheria ilikuwa upande wake. Badala yake alifanya jambo ambalo sisi tunalihesabu kuwa hekima kubwa kuliko zote alizozionyesha katika maisha yake. Kwa siri alimpelekea ndugu yake mjumbe, na mwezi Agosti mwaka 1392, mahali panapoitwa Ostrów, alimkabidhi Vytautas utawala wa Lithuania. Hakumpa cheo cha jina tu. Alimpa ngome, majeshi na mapato. Vytautas aliziteketeza ngome za Wajerumani alizokuwa amekabidhiwa kuzilinda, akawaacha kwa Wajerumani jamaa zake waliokuwa wamewekwa rehani, akarudi kwao. Yalikuwa maamuzi machungu kwa wote wawili. Mmoja alimpa silaha mtu mwenye sababu ya kumwua. Mwingine alikubali kumtumikia mtu aliyesemwa kuwa mwuaji wa baba yake.

Wala haikuwa kwamba siku ile mioyo yao ilisafika. Vytautas alikuwa na tamaa zake. Mwaka 1399 aliongoza jeshi kubwa kwenda mbali mashariki kuwapiga Watatari, bila shaka akitumaini kurudi akiwa mkubwa kuliko mfalme. Tarehe 12 Agosti, kwenye mto Vorskla, amiri wa Kitatari Edigey alimwangamiza, na yeye mwenyewe akanusurika kwa mbio za farasi. Mwezi mmoja kabla ya hapo Jadwiga alikuwa amefariki kwa uzazi, na mtoto wake wa pekee alimtangulia kwa siku chache. Basi tazameni: ndoa iliyoziunganisha nchi hizi ilikuwa imekwisha, haikuacha hata mtoto mmoja, na kila upande ulikuwa huru kwenda zake. Lakini hawakuachana. Mwaka 1401 waliandika upya mapatano yao, Vytautas akathibitishwa kuwa Mtawala Mkuu maisha yake yote, chini ya ukubwa wa Jogaila. Hofu ya adui ilikuwa imefanya kazi ambayo arusi haikuweza kuifanya.

Vita vikaja kwa sababu ya nchi ya Samogitia, ambayo Vytautas alikuwa ameitoa kwa Wapiganaji wa Msalaba zaidi ya mara moja ili kununua amani. Mwaka 1409 wenyeji wake waliasi. Wajerumani walimwuliza mfalme wa Poland kama atawasaidia Walithuania, na walipojibiwa kwamba adui wa Lithuania ni adui wa Poland, waliingia Poland kwa silaha. Baada ya vita vifupi pande zote zilikubali kusimamisha mapigano mpaka majira ya joto ya mwaka uliofuata.

Tungependa kukaa kidogo kwenye maandalizi ya kipindi hicho, maana ndiyo sehemu ambayo askari huisoma kwa raha zaidi. Ndugu hao wawili walikutana kwa faragha wakati wa baridi, wakapanga. Wanyama waliwindwa misituni, nyama ikatiwa chumvi katika mapipa kwa ajili ya jeshi. Huko Kozienice mafundi walitengeneza vipande vya daraja la mashua, na hakuna aliyeambiwa ni la kazi gani. Ulipofika mwezi Juni, vipande hivyo viliteremshwa na maji ya mto Vistula mpaka Czerwińsk, vikaunganishwa, na jeshi la Poland likavuka kwa siku chache pamoja na farasi na magari yake. Upande wa pili jeshi la Vytautas lilikuwa limekwisha kufika. Wajerumani waliotazamia mashambulizi mawili katika sehemu mbili mbalimbali walijikuta wanakabiliwa na jeshi moja linalokwenda moja kwa moja kuelekea Marienburg. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba kukutana kwa majeshi mawili mahali pamoja na kwa saa iliyopangwa ni miongoni mwa mambo magumu kuliko yote ya vita. Hao walilifanya bila ya simu wala redio, na kila jeshi likiwa na lugha zake.

Maana lilikuwa jeshi la watu wa namna nyingi. Walikuwamo Wapoland, Walithuania, Waruthenia wa Kanisa la Kigiriki, askari wa kukodiwa kutoka Bohemia, na kikosi cha Watatari Waislamu kilichoongozwa na Jalal al-Din, mwana wa Khan Tokhtamysh. Wajerumani walilalamika mbele ya Ulaya yote kwamba mfalme anayejiita Mkristo amewaleta makafiri. Malalamiko hayo hayakumnyima Jogaila usingizi.

Asubuhi ya tarehe 15 Julai Wapiganaji wa Msalaba walikuwa wamejipanga tayari, ndani ya mavazi yao ya chuma, chini ya jua. Jogaila alikuwa akisali. Alisikiliza misa, akaanza kuwatunuku vijana vyeo vya ushujaa, na Vytautas, kama anavyosimulia mwandishi Jan Długosz, alimwendea kumsihi aache sala na atoe amri. Wako wanaosema mfalme alikuwa anasitasita, na wako wanaosema aliwaacha adui waungue makusudi. Wajerumani walichoka kungoja, wakatuma wajumbe na panga mbili zilizo uchi, moja ya mfalme na moja ya ndugu yake, kwa dhihaka, eti ziwasaidie kuanza. Jogaila alizipokea, akashukuru.

Vytautas alianza, upande wa kulia. Baada ya muda wa saa moja hivi ya mapigano makali, Walithuania wengi waligeuka wakakimbia, na vikosi vya Kijerumani vikawafuata mbio vikivunja safu zao vyenyewe. Je, walishindwa kweli, au ulikuwa mtego waliojifunza kwa Watatari? Długosz, aliyekuwa Mpoland, aliandika kwamba walikimbia. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Sweden, Sven Ekdahl, alitangaza barua ya kale ya Wajerumani inayoonya juu ya hila ya namna hiyo hiyo, na tangu hapo wengi wameelekea kuamini kwamba ulikuwa mtego. Kwa maoni yetu jeshi lililovunjika kabisa halirudi siku ile ile, na Vytautas na watu wake walirudi. Vikosi vya Smolensk havikutoka mahali pake hata dakika moja.

Katikati ya uwanja bendera kubwa ya Kraków ilianguka ikainuliwa. Mfalme alikuwa juu ya kilima na walinzi wachache, akiona na kutoa amri. Vytautas alikuwa chini, akibadili farasi, akipita kutoka kikosi hata kikosi. Mkuu wa Chama, Ulrich von Jungingen, aliongoza mwenyewe vikosi vya akiba, akazungukwa, akauawa pamoja na wakuu wake karibu wote. Zaidi ya watawa 200 wenye kubeba silaha walilala pale. Bendera zao zilipelekwa Kraków zikatundikwa katika kanisa la Wawel.

Lakini hatupendi kuwasifu watu kupita kipimo. Ushindi ule haukufuatiliwa ipasavyo. Jeshi lilichukua zaidi ya wiki moja kufika Marienburg, na wakati huo jemadari Heinrich von Plauen alikwisha kuingia ngomeni na kuziba nyufa. Vytautas aliondoka mwezi Septemba, mfalme akafuata, na amani iliyotiwa sahihi Toruń tarehe 1 Februari 1411 iliirudisha Samogitia kwa muda wa maisha ya ndugu hao wawili tu.

Mwaka 1413 walikutana Horodło, na hapo lilifanyika jambo la ajabu. Koo 47 za makabaila wa Poland zilizichukua koo 47 za Walithuania Wakatoliki, kila moja ikampa mwenzake nembo yake aitumie kwenye ngao kama mtu wa damu moja. Wasomaji wetu wanaoujua undugu wa kuchanjana hawatahitaji maelezo marefu. Waruthenia wa Kanisa la Kigiriki, ambao waliumwaga damu yao Grunwald kama wengine, waliachwa nje ya undugu huo, na uchungu wake ulidhihirika baadaye.

Vytautas alibaki na kiu moja. Mwaka 1429, katika mkutano wa Łuck, Sigismund wa Luxembourg aliwaza kumpa taji la ufalme, na hilo lingeivunja Poland na Lithuania vipande viwili. Mabwana wa Kraków waliwekea njia walinzi, taji likakwama safarini. Alifariki tarehe 27 Oktoba 1430 mjini Trakai, mzee wa karibu miaka themanini, bila ya taji. Jogaila alimfuata mwaka 1434. Watu wale wale waliozaliwa nyumba moja walirudia mara moja mambo ya Krewo: Švitrigaila, ndugu yake Jogaila, na Sigismund, ndugu yake Vytautas, walipigana kwa miaka, na mwaka 1440 Sigismund akauawa na makabaila waliokula njama.

Ukoo uliokolewa na mke wa nne wa Jogaila, Sophia, aliyemzalia wana katika uzee. Mkubwa, Władysław, aliuawa Varna mwaka 1444 akipigana na Waturuki, naye akiwa na miaka ishirini tu. Mdogo, Kazimierz, alitawala Lithuania tangu 1440 na Poland tangu 1447. Mkewe Elizabeth wa Austria alizaa watoto kumi na watatu, na wana wanne wakawa wafalme. Kazimierz ndiye aliyewamaliza Wapiganaji wa Msalaba, na si kwa ushujaa wa makabaila wake, ambao mwaka 1454 walishindwa vibaya Chojnice baada ya kudai haki mpya kabla ya kupigana. Askari wa kukodiwa wa Wajerumani hawakuwa wamelipwa mshahara. Mwaka 1457 waliiuza ngome ya Marienburg kwa mfalme wa Poland, Mkuu wa Chama akatoroka nyumba yake mwenyewe. Amani ya mwaka 1466 ilithibitisha mambo hayo, na mwaka 1525 Mkuu wa mwisho wa Chama huko Prussia, Albrecht, alipiga magoti katika uwanja wa soko wa Kraków mbele ya Mfalme Zygmunt, aliyekuwa mjomba wake, kwani mama yake Albrecht alikuwa binti Kazimierz.

Zygmunt August, mwana wa huyo Zygmunt, alioa mara tatu asipate mtoto. Alijua kwamba akifa, mtu aliyezifunga nchi mbili kwa mwili wake hatakuwapo. Aliwaita wajumbe wa pande zote Lublin mwaka 1569. Walithuania waliondoka usiku kwa hasira. Mfalme akaitwaa Podlasie, Volhynia na Kiev kutoka kwao akazitia katika Poland, nao wakarudi kwa uchungu wakatia sahihi tarehe 1 Julai. Alifariki Knyszyn, katika Podlasie hiyo hiyo, tarehe 7 Julai 1572. Mfalme aliyefuata alichaguliwa kwa kura ya makabaila wa nchi zote mbili, na dola yao moja iliendelea mpaka mwaka 1795, ilipogawanywa na majirani.